Marahaba ya Mama Generosa

Mama Generosa Chilongani alipostaafu uuguzi, wenzake walifungua maduka ya dawa. Yeye akapanga chumba Majengo, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, akaweka viti viwili na chupa ya chai, akaandika mlangoni: Ushauri wa Nafsi. Mtaa ule haukuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Wauza mtama hawakuhitaji hata wiki moja kumpa jina: Daktari wa Machizi.

Jina lilimuuma, maana lilifukuza watu. Mwalimu mmoja, mjane aliyekuwa akija kwake, alisimama kusalimiana naye sokoni. Kesho yake wanafunzi wakamzomea. Hapo ndipo Generosa alipotunga sheria, akaisimamia kwa ukali wa mtu aliyetawala wodi miaka thelathini: nje ya chumba hiki hatujuani. Ukinisalimu, sitaitika. Kila mgeni aliambiwa hivyo kabla hajaonja chai, na kweli wageni waliongezeka. Wengine walipitia uani na ndoo ya mashudu kichwani, wakijifanya wamefuata chakula cha kuku.

Mmoja wao, Daudi, alikuja kutoka kijijini Mlali kila Jumamosi. Mara ya kwanza alisema mgongo unamsumbua. Mara ya tatu akasema kisima. Alikichimba mwenyewe, hakukifunika, na mwanawe wa miaka minne akatumbukia. Hakuna aliyemshtaki.

"Ila hata salamu wameninyima, mama," alisema. "Wakiniona wanainamia majembe yao. Napita kama mbuzi asiye na mwenyewe."

Miezi mitano Generosa alimpokea mlangoni kwa maneno yaleyale: "Marahaba, mwanangu. Pita ukae." Daudi akaanza kulala, akaanza kula. Sheria aliambiwa tangu siku ya kwanza, akajibu, "Ndiyo, mama," kama anavyojibu kijana yeyote wa huku mbele ya mtu mzima, awe ameelewa au hakuelewa.

Alhamisi moja alikuja mjini bila miadi. Ilikuwa imetimia mwaka tangu mtoto afe. Generosa alikuwa ameiandika tarehe hiyo kwenye daftari lake, kisha akaisahau. Daudi alimkuta sokoni kwenye magunia ya karanga, katikati ya watu.

"Shikamoo, mama."

Generosa alisikia. Akatazama karanga.

"Shikamoo, mama," Daudi akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Generosa akamuuliza muuzaji bei ya kilo, akalipa, akaondoka. Njia nzima alijipongeza moyoni kwamba amemlinda kijana wa watu na midomo ya Majengo. Wanasema majuto ni mjukuu. Haya hayakungoja hata wiki iishe.

Jumamosi kiti cha Daudi kilibaki kitupu. Jumapili dada yake alipiga simu, namba akiwa ameikuta kwenye simu ya kaka yake. Daudi alikuwa ametolewa kwenye kisima kilekile, na hakuwa hai.

Msibani Mlali, mama wa marehemu alimshika Generosa mikono yote miwili.

"Ndiye wewe wa Majengo? Asante kwa kuja. Mwanangu alikuwa anasema mjini yuko mtu mmoja ambaye bado anamwitikia."

Generosa alifungua mdomo amwambie ya sokoni, akaufunga. Siri ya mteja haitolewi, alijiambia, na alijua anajidanganya. Alirudi mjini akilia mbele ya abiria wote, bila kujificha.

Sheria ile ameifuta. Siku hizi husalimia kila mtu Majengo, anayemjua na asiyemjua, wauza vitunguu, wachukuzi, wageni wa Bunge waliopotea njia, mpaka hakuna awezaye kubahatisha nani mteja na nani si mteja. Ukimpa shikamoo moja, huitikia marahaba mara mbili. Vijana wa bodaboda hucheka wakisema Daktari wa Machizi naye kapata uchizi. Huwasikia, na huwasalimia nao.

Kwenda Mlali kumwambia yule mama, bado hajaweza.