Jina la Kilima Kabla ya Picha

Mwanangu, hebu weka simu hiyo chini kidogo. Jumapili nilikuona pale kando ya ziwa, kila hatua mbili unapiga picha: maji, kilima, maji tena, na yule mama mwenye shamba ukampita kama kisiki. Sikutaka kukusema mbele ya wenzako. Leo nitasema, kwa sababu nakumbuka siku niliyofanya hivyo hivyo, na kidogo nimpoteze baba yangu.

Ilikuwa wakati wa vita. Sisi wa Bukavu tulishazoea: wiki hii risasi, wiki ijayo arusi. Barabara ikitulia, Papa anasema, "Twende tupumue kidogo," nasi tunaingia kwenye gari lake kuukuu, yeye, Maman na mimi, mpaka ufukweni upande wa Katana. Tunakaa kwenye majani, tunakula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, Maman anaimba nyimbo za kanisa, na kwa saa chache vita inakaa mbali. Huko ndiko nilikopendea kamera ya Papa, ile ya pelikule, mkanda wa foto thelathini na sita basi. Nilikuwa nimemaliza universite, kazi hakuna. Kupiga picha za vilima ndiyo ilikuwa furaha yangu pekee.

Papa alikuwa karani, mtu wa kalamu na daftari, kaye tunavyoiita, na aliniwekea sharti moja tu. Kabla ya kupiga picha ya mahali, msalimie mtu wa pale, uliza jina la kilima, uliza shamba ni la nani, kisha andika kwenye kaye. "Kilima iko na mwenyewe," aliniambia. "Hauwezi kuingia mu nyumba ya mutu bila kupiga hodi."

Lo, mimi na kiburi changu! Niliona ni mambo ya wazee. Ukimaliza salamu, habari za watoto na habari za mbuzi, ukungu umeshaondoka juu ya maji. Basi nikawa napiga tu, na Papa masikini ananifuata nyuma na kaye yake, akiuliza yale niliyopaswa kuuliza mimi. Kuuliza si ujinga, wanasema. Ujinga ulikuwa wangu.

Jumamosi moja, tulipopita Kavumu, niliona kilima ambacho uzuri wake mpaka leo unanibana kifua. Migomba chini, mistari ya maharage juu, na nyuma yake ziwa lote jeupe kama maziwa. Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia kando ya barabara. Nikaruka mfereji, nikaingia katikati ya maharage yake na kamera usoni, wala sikufungua mdomo. Papa alivua kofia. "Asinge, maman," akamsalimia kwa Mashi, lugha ya huko, na wakaongea mpaka nikachoka kusubiri. Yule mama alikuwa anacheka, anamwonyesha vilima kwa jembe. Nikanung'unika kwamba mzee huyu atatuchelewesha.

Jioni tukirudi, karibu na shamba lile lile, tukakuta bariera, gogo limelazwa barabarani. Asubuhi haikuwepo. Wanajeshi wanne, vijana wenye macho mekundu. Mmoja akaona kamera kitini.

"Hii aparei ni ya nani?"

Papa akasema, "Ni yangu."

"Unapiga foto ya nini mu barabara ya vita? Nani anakutuma?"

"Ni vilima tu, shefu. Ni vizuri."

"Vilima! Hata adui anapenda vilima."

Wakamtoa garini, wakamfunga mikono, wakasema watampandisha kwa komanda wao. Siku zile, waliopandishwa kwa komanda hatukuwaona wakishuka. Maman alikaa chini barabarani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, lakini mimi nilikuwa nimevunja la baba yangu.

Papa hakulia. Akaniambia kwa sauti ile ile ya ofisini, "Binti yangu, soma kaye." Nikaisoma kwa sauti: "Foto ya nane. Kashozi. Shamba la Mama Nabintu. Maharage na migomba. Mutoto wake wa mwisho anakohoa."

"Ndiyo kazi ya mupelelezi hiyo, kuandika!" mwanajeshi akapiga kelele.

"Mupelelezi anaandika bunduki," Papa akajibu. "Miye nimeandika maharage."

Hapo wanawake walikuwa wanatoka mashambani, mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mmoja akasimama, akatua mzigo wake. Alikuwa yule mama wa asubuhi.

"Huyu papa munamufunga juu ya nini? Alinisalimia. Aliniuliza majina ya batoto yangu yote. Mupelelezi gani anaulizaka kikohozi ya mutoto? Kama munamupandisha, mutupandishe sisi wawili." Kisha akanigeukia mimi, akininyooshea kidole. "Huyu ndiye hana adabu! Alipita mu maharage yangu sawa mbuzi!"

Mwanajeshi mmoja akacheka, kicheko cha kweli. Mwenzake naye akacheka. Wakamfungua Papa. Pelikule waliivuta yote nje ikaungua kwa mwanga, wakatutupia kamera.

Mungu wangu, yule mama! Hakuwa na kitu ila jembe na mzigo wa mihogo, akasimama mbele ya bunduki kwa ajili ya mtu aliyemsalimia mara moja. Nimejuana na watu wengi wakubwa tangu siku ile, na sijaona aliyemzidi.

Njiani Papa hakunigombeza hata neno, na hilo ndilo lililoniliza. Barabara ilipotulia tena, tulirudi na dawa ya kikohozi, na mimi ndiye niliyetangulia kusalimia. Mama Nabintu akapiga makofi. "Ee! Leo mbuzi imejifunza kuongea!"

Picha ya kilima kile sina. Papa naye ameshatutoka. Lakini nikifungua kaye yake na kusoma "Kashozi, maharage na migomba," nakiona chote, na mwenyewe akicheka na jembe mkononi.

Sikukatazi picha zako, mwanangu. Piga, nchi hii Mungu aliipamba bila ubahili. Ila salimia kwanza. Uliza jina. Ukungu ukikukimbia, acha ukimbie, kesho utarudi. Mtu uliyempita bila salamu huenda ndiye angekuwa shahidi wako jioni.

Basi chukua, hii hapa kaye ya babu yako. Kurasa za nyuma bado ni tupu. Mungu akupe macho ya kuona na mdomo wa kusalimia, na kila barabara utakayoenda, uikute na mtu wa kusema anakujua.