Sahani ya Yaya Ngandu

Juzi jirani yangu hapa Lubumbashi alifunika sahani ya bati kwa sahani nyingine ya bati, nami nikausikia mlio wake kupitia ukutani, mdogo na mkavu. Nilikuwa nachambua sombe, yaani majani ya muhogo. Mikono yangu ikasimama yenyewe, na nikajikuta nina miaka kumi na mitatu, mdomo umejaa chakula kisicho changu. Jambo hili nimemwambia mtu mmoja tu maishani. Nyinyi mtakuwa wa pili.

Nilikulia Likasi, mtaa wa Kikula, katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na bibi yangu. Sisi watu wa asili ya Kasai humwita bibi Kaku. Mama alifariki siku niliyozaliwa. Baba alikwenda Kolwezi kutafuta kazi, akapata kazi na mke, tukabaki bila yeye. Aliyenibeba mgongoni ni kaka yangu Ngandu, niliyemwita Yaya kama tunavyowaita ndugu wakubwa, ambaye alinizidi miaka kumi na mmoja na vichwa vitatu. Wanawake wa sokoni walimtania kwa kumwita mama Kapinga, maana Kapinga ndilo jina langu, naye aliitika bila kukasirika na kuniinua begani ili nione samaki kwa juu.

Nilipokuwa na miaka sita, wageni wa kanisa walimwona akicheza basketi shuleni kule Mulungwishi. Wakapenda kimo chake, wakampeleka Amerika kusoma. Aliniahidi kwamba atarudi Noeli. Hakusema Noeli ipi, na mimi sikujua kwamba inabidi kuuliza.

Kitanda tulichokuwa tukilalia wawili kikawa kikubwa mno. Nililala upande wangu ule ule, karibu na ukuta, nikimwachia nafasi yake, na kila asubuhi nilikuta shuka la upande ule halijakunjika.

Miaka ikapita, tukasikia Yaya amekuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa. Kikula ikasherehekea. Maman Georgette, jirani yetu aliyeuza mikate na kumiliki simu kubwa, akaja mbio na video. Tulijibana uani, tukitegemea kuona mtu wa kaptula akipiga penalti. Badala yake tukaona majitu yenye kofia ngumu na namba vifuani, yameinama mstari kwa mstari, kisha yakagongana. Mpira wenyewe, ule wa Kiamerika, ulikuwa umechongoka kama papai changa. Yaya hakuugusa hata mara moja.

"Juu ya nini habamupatie mupira?" Kaku akauliza.

"Yeye ni mulinzi, Kaku. Kazi yake ni kuangusha mwenye iko na mupira," Maman Georgette akajibu.

"Kuangusha bana ba bantu? Ile ni kazi?" Akaisogeza simu karibu na macho. "Kaske. Numero. Shi munaona? Banamupeleka mu mine." Kwake kofia ngumu na namba vilikuwa vya mgodini tu.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa miguuni pake na niliona alivyokuwa akilikunja na kulikunjua pindo la kitenge chake.

Babu, mume wa Kaku, alichukuliwa kijijini Kasai na watu wa mgodi akiwa kijana. Walimpima uzito, wakamtazama meno, wakamkimbiza, wakaandika jina lake, wakampa kofia na namba. Hakuulizwa anapenda mgodi upi. Sasa Maman Georgette akatueleza jinsi Yaya alivyoacha basketi akaingia kwenye mchezo ule: wakubwa wa timu walimpima uzito, wakamkimbiza wakiwa na saa mkononi, kisha likaitwa jina lake, na timu iliyokuita ndiyo unayokwenda. Kaku alitikisa kichwa tu. Katikati ya msimu wa pili, timu ile ilimhamishia kwa nyingine, mji mwingine, bila kumwuliza, akafunga mizigo siku hiyo hiyo. Habari ilipotufikia, Kaku akasema, "Minye nilisema."

Ndipo akarudisha desturi ya sahani. Zamani, wanawake wa kambi walipikia mtu aliye chini mgodini na kumpakulia kwanza kabla ya wote. Chakula chake kilifunikwa, na hakuna mkono ulioruhusiwa kukifunua mpaka mwenyewe apande na kunawa. Kufunua mapema kulikuwa kumtafutia mtu balaa. Kaku alimfunikia Babu miaka yake yote ya kazi, na Babu alipanda kila siku, mpaka akaja kufa kitandani akiwa mzee. Ungemwambia nini mwanamke mwenye ushahidi kama huo? Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu asiyekuwapo ndiye aliyepata kipande kikubwa cha samaki.

Basi kila Jumapili ya mechi, tukitoka misa, Kaku alipakua bukari, ndio ugali wetu, akaweka sombe na samaki wa chumvi tunaowaita bitoyo, akafunika, akaiweka sahani kwenye kabati fupi. Jumatatu asubuhi Maman Georgette alipita na mikate yake akiita kutoka barabarani, "Anapanda!", yaani Yaya ametoka mechini salama. Hapo sahani ilifunuliwa, nami nikala bukari baridi, ngumu, kabla ya shule.

Yaya alipiga simu mara chache. "Unakula?" Kaku aliuliza. "Ninakula, Kaku." Kisha nilipewa mimi, aniulize masomo, nijibu mazuri, halafu tukasikilizana pumzi hadi mtandao ukatike. Kadiri alivyokuwa mkubwa kwenye video, ndivyo alivyopungua kwenye simu. Nilimkosa hata tulipokuwa tunaongea.

Jumapili ninayoisema, Kaku alikwenda kwenye matanga. Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni, mvua inanyesha, umeme umekatika kama kawaida, ingawa bwawa la Koni liko pale pale jirani na sisi hatukuona faida yake. Nilikuwa peke yangu. Harufu ya bitoyo na mawese ilitoka kabatini na kuzunguka chumba. Nilikuwa nimekula mchana, nisiwadanganye. Lakini kulikuwa na njaa nyingine, na wivu pia. Sahani ile ilingojewa, ilitajwa, iliombewa. Mimi nilikuwapo kila siku na hakuna aliyenifunikia kitu.

Nikafunua. Nikamega tonge moja, nikasawazisha bukari kwa kidole kilicholowa maji. Nikamega jingine. Nikala nusu ya samaki, nikamgeuza ili upande mzima uwe juu. Nikafunika, na sahani zikalia.

Asubuhi Maman Georgette hakuita kutoka barabarani. Aliingia ndani, akaketi, akatoa simu polepole. Yaya alikuwa amelala kwenye nyasi ameshika goti, wenzake wamepiga magoti kumzunguka, kisha kigari kikambeba.

Kaku hakulia. Alikwenda kabatini, akafunua sahani, akaitazama kwa muda mrefu. Akamgeuza samaki. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

"Kapinga," akasema, "leta maji ya kunawa."

Nilileta. Nikala mabaki mbele yake mpaka sahani ikawa tupu. Hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye, na ningependelea fimbo. Yaya alipasuliwa mara mbili. Timu ikamwacha, nyingine ikamjaribu na kumrudisha. Kazi ile ikaisha, na ni mimi niliyeimaliza. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka miwili, nikiogopa simu ikilia. Kaku aliendelea kufunika sahani kila Jumapili, hata wakati hapakuwa na mechi, na niliona rundo la bukari nililolila Jumatatu linazidi kuwa kubwa. Sikujiuliza kwa nini.

Kaku alifariki nikiwa na miaka kumi na mitano. Yaya alifika baada ya mazishi, matanga yakiwa yamekwisha. Shangazi yangu anayekaa Kakanda alikuwa amekuja kunichukua, na nyumba ilikuwa nusu tupu. Aliingia akiinama mlangoni, mguu mmoja ukichelewa. Tulisalimiana kama wageni. Nilimpikia bukari na bitoyo, nikamfunikia kwa mazoea, nikamwekea mezani. Kisha nikashindwa kuondoka.

"Yaya, ni minye nilikuvunja goti," nikasema, na nikamweleza yote, mvua, tonge, samaki.

Aliunyoosha ule mguu chini ya meza. Nilidhani anatafuta maneno ya kunilaani.

"Kapi," akasema, "goti ilivunjika jeudi, mu mazoezi. Dimanche balinipiga sindano, nikaingia. Ukikosa siku moja, banaweka mwingine mu nafasi yako."

Alhamisi. Siku tatu kabla ya Jumapili ya tonge langu.

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema na nani? Kule hakuna mwenye kuuliza. Na Kaku hangelala." Akajifuta uso kwa kiganja. "Weye je, juu ya nini haukusema?"

Nikalia.

Yaya akafunua chakula. Ile sahani ya juu hakuiweka kando. Aliigeuza chali, akakata bukari katikati, akaiwekea nusu, akampasua samaki na kuweka upande wenye nyama nyingi. Akaisukuma kwangu.

"Kula. Minye ninachoka kukula peke yangu."

Alirudi Amerika baada ya wiki mbili, na yuko huko hadi leo. Huwafundisha vijana kukaba, goti likimuuma majira ya baridi. Mimi nina chumba changu hapa, kazi yangu, na jioni nyingi zisizo na mtu. Lakini ninapousikia mlio ule, namkumbuka Kaku akimgeuza samaki na kuagiza maji, na lile rundo la bukari lililokuwa likikua kila Jumapili baada ya siku ile. Alikuwa amenifunikia mimi. Sahani zilikuwa mbili siku zote, yake na yangu, moja juu ya nyingine, na mimi niliiona moja tu.