Siku Nilipoyapaka Mayai Chai

Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mama aliyepaka mayai chai, na afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu huku Marani kila anayeisimulia anaongeza chumvi, wengine wanasema nilitumia rangi ya nyumba, wengine eti ni kiwi ya viatu. Ilikuwa chai. Chai ya rangi, bila sukari.

Mimi nimeolewa huku, kwetu ni upande wa ziwa, na Kigusii changu mpaka leo ni cha kusalimia na kuomba chumvi. Kwa hiyo nilipoingia kikundi cha akina mama wanaopeleka mayai ya kienyeji kwenye hoteli moja mjini Kisii, nilijua naangaliwa. Hawakuwa wabaya, lakini mgeni ni mgeni, nami nilitaka sana siku moja wanihesabu mtu wao. Sheria ya kikundi ilikuwa moja tu: mayai ya kuku wako mwenyewe. Kuna mwenzetu aliwahi kuchanganya ya dukani, hoteli ikatutolea maneno makali, na yeye akatolewa.

Sasa kuku wangu ni wanne, na kila mmoja ana mambo yake. Yule mweusi anataga yai la kahawia. Yule asiye na manyoya shingoni anataga jeupe kabisa. Wa tatu lake lina madoadoa, na yule mzee, jamani, lake lina vipele, ukilishika ni kama limenyunyiziwa mchanga. Ndivyo walivyo, rangi ya yai ni ya kuku mwenyewe, hata wakiishi boma moja. Lakini nilipopeleka trei yangu ya kwanza, mwenyekiti wetu, Mama Kemunto (mtu wa sauti ndogo, hapigi kelele hata akikukanyaga), aliligeuza moja, akaligeuza la pili.

"Mama Moraa," akaniambia, "kuku wa boma moja, jogoo mmoja, mayai rangi nne?"

Nikamweleza. Wakatazamana, mmoja akasema kitu kwa Kigusii, wakacheka kidogo, na Mama Kemunto akasema haya, tutaona ya wiki mbili zijazo. Mimi nikarudi nyumbani masikio yanawaka.

Hapo ndipo nilipoamua (na mimi nikiamua, nimeamua) kwamba wakitaka mayai yanayofanana watapata mayai yanayofanana. Siku moja kabla ya mkutano nikachukua majani yote ya chai yaliyokuwa ndani ya nyumba, nikayachemsha kwenye sufuria kubwa mpaka maji yakawa meusi, nikayaacha yapoe. Mama mkwe wangu, omong'ina wa watu, bibi kizee asiye na neno na mtu, akatoa kichwa mlangoni.

"Chai sufuria nzima, unapikia nani?"

Ningesema ukweli mngekuwa hamnisikilizi leo. Nikasema, "Wageni, mama. Wa kesho."

Akafurahi! Kumbe mimi nadhani yamekwisha. Nikaloweka mayai, nikayatoa, nikayapaka tena kwa kitambaa, nikayaanika. Yakawa rangi moja kama maandazi, isipokuwa yale ya vipele, ambayo yalinywa chai zaidi yakatoka kama yameungua, nikayaficha chini ya mengine. Asubuhi mama mkwe alikuwa ameshamenya ndizi na kuziinjika, amevaa gauni lake la Sabato, na ilikuwa Jumatano.

Nikafika kwenye uwanja wa mkutano, hatua chache kutoka kwetu, kifua mbele. Mayai yakasifiwa. "Sasa hapa ni sawa," wakasema. Halafu Mama Kemunto akaletewa beseni la maji.

Nilikuwa nimesahau beseni, yawa! Kila yai linatiwa majini kabla halijaenda hotelini, likilala chini ni la leo leo, likielea ni la zamani, na mkutano uliopita beseni hilo nililishika mimi mwenyewe. Yai la kwanza likalala chini vizuri. La pili. La tatu. Na maji yakaanza kubadilika, kwanza kama ya mto mvua ikinyesha, halafu chai kamili, na Mama Kemunto akatoa yai lililo nusu jeupe nusu kahawia, kidole chake kimejichora hapo wazi.  Papo hapo nikasikia sauti ya mama mkwe wangu langoni, alikuwa amenifuata kuniuliza wageni wanafika saa ngapi, akachungulia beseni, akauliza kwa upole kabisa:

"Hii ndiyo chai ya wageni?"

Waliangua kicheko kikasikika barabarani. Mimi machozi yalinitoka, nawaambia ukweli. Na kicheko kilipoisha Mama Kemunto hakuwa anacheka. "Umeyanunua wapi?" akauliza. Ningeondoka pale, ningeitwa mama wa mayai ya dukani mpaka nizeeke.

Sikuondoka. Nikasema, "Nisubirini," nikaenda mbio, nikarudi na kuku wote wanne, miguu imefungwa, nikawafunika kila mmoja na kikapu chake katikati ya uwanja. "Hakuna anayeenda nyumbani. Mtaona kwa macho."

Kuku ukimhamisha anakasirika, anabana yai. Tulikaa. Wengine wakachambua maharagwe, wengine wakanionea huruma, wawili wakasinzia. Saa sita ikapita, wingu likajikusanya upande wa Nyamira, nami nimesimama tu kama askari. Ndipo yule wa shingo tupu akapiga kelele. Mama Kemunto akainua kikapu mwenyewe: jeupe. Dakika chache, yule mzee naye: vipele. Mwenyekiti akalitia yai majini, akalisugua kwa leso, akalisugua tena. Halikutoka kitu.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia."

Akaliweka yai kwenye trei yangu taratibu. "Basi ungetuambia tena," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo zaidi.

Mvua ikaanguka. Tukakimbilia kwetu, ndiko karibu, wanawake tisa na kuku wanne kwapani, na mama mkwe wangu kwenye gauni la Sabato akasimama mlangoni akishangilia, "Si nilijua wageni watakuja!" Ndizi zikapakuliwa. Kila mtu akapata kiti. Wakanigeukia, wamelowa, wanatetemeka, wanangoja chai.

Na mimi sikuwa na hata jani moja. Katika nchi ya majani chai, mbele ya wageni wangu wa kwanza, nilijifunika leso nikatoka mvuani na Mama Kemunto kwenda kuomba kwake. Tangu siku hiyo nikisema kitu mara moja nisiaminiwe, nakisema mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Majani yangu yanabaki kwenye kopo.