Aliyefika Kwenye Mpira Kabla Yangu

Mtu ninayemwacha nyuma katika kila mbio anafikaje kwenye mpira kabla yangu?

Nilikuwa na miaka kumi na sita, tukiishi Kibondo, na swali hilo lilininyima raha hata ya chakula. Mwalimu wetu wa michezo aliiamini saa yake ya kupimia mbio kuliko macho yake. Kila Jumamosi, kabla hatujagusa raketi, alitupima kwenye uwanja wa saruji: mbio fupi, kuruka juu, pushapu, kuzunguka koni. Matokeo aliyabandika mlangoni mwa stoo. Jina langu lilikuwa juu kabisa. La msichana wa kijiji cha Murungu, aliyeletwa na baba yake kwa baiskeli, lilikuwa karibu na mwisho.

Kisha tulicheza tenisi, naye akanifunga. Kila wiki. Nilipiga mpira pembeni kabisa, nikamkuta kasimama hukohuko, mtulivu kama anayesubiri chenji dukani.

Nilimwonea wivu mpaka kwenye raba zake zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni, na namna alivyotafuna muhogo wake baada ya mchezo bila kuuzungumzia ushindi. Niliwaambia wenzangu ana bahati. Lakini bahati gani hiyo inayorudi kila Jumamosi? Nikaanza kukimbia alfajiri kwenye barabara ya Kasulu. Kasi yangu iliongezeka, kufungwa hakukupungua.

Ikatangazwa nafasi moja ya msichana kwenda mashindanoni Kasulu. Sote tulijua ni nani angestahili. Nilimfuata mwalimu stoo nikamweleza, kwa hoja nilizojivunia, kwamba mchezo unaweza kuharibiwa na upepo, ila saa haina upendeleo. Alifurahi sana. Nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisifu ile saa. Nafasi ikatolewa kwa vipimo, nikaipata mimi.

Yule msichana alipoambiwa, alikuwa ameinama akifunga kamba za raba.

"Nenda, dada," alisema bila kuinuka. "Ila Kasulu hawatakuuliza unakimbiaje."

Wenzetu walicheka. 

Kasulu nilitolewa kwenye mchezo wa kwanza. Njia nzima ya kurudi sikumwaza aliyenifunga. Niliendelea kumwonea wivu yule ambaye hata hakuja, kwa sababu nilijua angeshinda.

Miaka ilipita. Nilipomaliza chuo kikuu nilimkuta yule msichana wa Murungu kwenye uwanja uleule akifundisha watoto. Hakuwa na saa. Watoto walimng'ang'ania, na wivu wangu ukaamka kabla sijamsalimia. Nilijikaza, nikamwomba msamaha kwa ile nafasi, kisha nikamuuliza swali langu la zamani.

Alicheka. Kwao, alinieleza, maharage yakikauka huwa wanayapura kwa fimbo, wawili wakitazamana, wakipiga kwa zamu. Anayeitazama fimbo ya mwenzake huchelewa, fimbo zikagongana, vidole vikaumia. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo alifundishwa kulitazama bega la mwenzake. Mimi, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, maharage niliyajua yakiwa sufuriani.

"Bega lako la kulia lilikuwa linashuka kila ukitaka kupiga pembeni," alisema. "Mimi naanza kutembea hata hujaugusa mpira."