Maji Salama, Njia Fupi

Ipo siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vya minofu ya samaki vikichipuka kando ya ziwa, na watafiti wakimiminika Mwanza kama kumbikumbi. Kila mmoja na lake la kuchunguza. Mimi, kijana wa Igogo, nikapata kibarua cha kuwatafsiria wawili Kisukuma.

Mmoja alichunguza maji. Alikwenda kwa mtumbwi hadi kwenye kina kirefu, akachota, akapima; tulimwita Bwana Maji. Mwingine, Dada Neema, alichunguza kazi za akina mama: nani anachota maji, anatembea umbali gani. Walilala nyumba moja ya wageni, wakala meza moja, lakini mazungumzo yao yalikuwa mpira tu. Kila mmoja aliiona kazi ya mwenzake kama mchezo wa watoto.

Magugu maji yalikuwa yameziba mwalo wetu, ufuo tuliozoea kuchotea maji. Siku hiyo niliamka nikamkuta Minza, mtoto wa dada yangu, anatapika na kuhara, macho yameingia ndani. Mtoto wa jirani naye vilevile. Dada yangu alikuwa ametoka mbio kutafuta baiskeli ya kumpeleka hospitali. Mara Dada Neema akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akaanza maswali yake, na bibi yangu akanigeukia mimi. Kwetu, mgeni akiingia penye mgonjwa haulizi jingine kabla ya kumjulia hali.

"Mwambie huyu binti," bibi akaniambia kwa Kisukuma, "humu ndani mna mgonjwa."

Nilihofia kibarua changu, lakini nilitafsiri. Dada Neema akaweka kalamu chini, akaingia kumwona Minza, kisha akauliza siku hizi tunachota wapi maji ya kunywa.

"Pale mtaro unapoingia ziwani," bibi akajibu. "Ni hapo pekee ambapo magugu hayajafunga."

Nikamwona Dada Neema anapauka. Alikuwa ameandika, tena kwa furaha, kwamba akina mama wa Igogo sasa wanatembea njia fupi. Na Bwana Maji alikuwa ameandika kwamba maji ya ziwa hayana tatizo kubwa. Wote walisema kweli, mwanangu! Nilipomweleza bibi hayo, alitikisa kichwa: "Kila mtu na ukweli wake mfukoni, na watoto wanakufa katikati."

Tulimkimbilia Bwana Maji. Kwanza alibisha, lakini alipopima maji ya pale mtaroni akakuta yamejaa uchafu wa vyooni. Yeye na Dada Neema walipita nyumba kwa nyumba wakihimiza watu wachemshe. Minza alifikishwa hospitali, akatundikiwa dripu, akapona. Mtoto wa jirani hakupona. Jina lake nalijua, ila kulitaja bado kunanishinda.

Sasa wewe unakwenda chuo kusoma samaki, na nasikia unamcheka nduguyo anayesoma mila na desturi za watu. Acha, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kuuliza si ujinga. Soma lako kwa bidii, lakini mkikaa mezani mwulize mwenzako ameona nini huko alikokwenda.

Mungu akupe akili ya kujua, na akupe unyenyekevu wa kuuliza mapema, wakati mtoto wa mtu bado anacheza uani.