Upana wa Tairi Moja

Mtu anayetunza njia ya baiskeli kando ya mto wetu hulala kifudifudi, shavu juu ya changarawe, atazame kama imelingana. Kisha huinuka, huokota kokoto moja, akaihamishia mahali pengine, basi, kazi imekwisha. Mikono yake imeshika rangi ya njia yenyewe. Sauti yake ni ya chini, kama anamtuliza ng'ombe aliyeshtuka. Sijaona mwingine anayeyajua mawe namna ile.

Mafuriko ya Oktoba yaliikomba njia yote chini ya kinu cha kusagia nafaka. Barabara ya magari siiwezi tena kwa umri wangu, na makaburi yako kijiji cha pili. Niliogopa Siku ya Watakatifu Wote ingepita bila mimi kumpelekea marehemu mke wangu Solange maua kaburini, na ndiyo ya kwanza tangu aniache. Asubuhi ile nilifunga chungu cha maua ya krisanthemu nyuma ya baiskeli, nikaenda kujaribu. Nilimkuta yule mtunza njia na toroli tupu, tope hadi magotini.

"Umechelewa, Mzee Firmin! Mkeo atadhani umepata mwingine."

"Kwa sura hii?"

"Haya, pita. Changarawe haikutosha njia nzima. Nimekuwekea upana wa tairi moja."

Nikatazama. Mstari mweupe ulipita katikati ya tope, hatua mia tatu, umenyooka kama uzi. Nikapanda. Yeye akatembea ubavuni kwangu, ndani ya tope, kiganja karibu na kiti, bila kunigusa, mpaka mwisho.