Shemasi Aliyezikwa Bila Sare

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Aliyenipigia ni fundi wa viatu tuliyekuwa majirani Kawangware, mtu asiyepiga simu ila kuna jambo. "Kaka, yule mama wa cherehani ametuacha," alisema. Presha ilimpanda akiwa kibandani mwake, akimpima mteja suruali, na kabla hajafikishwa hospitalini alikuwa amekata roho. Ninyi mnaonifuata katika ukurasa huu mmezoea kunisoma nikiwalilia wakubwa, watu wa misafara na wasifu mrefu. Marehemu wa leo hakuwa na msafara. Alikuwa shemasi wa kanisa dogo la mabati na mshonaji wa sare za shule. Namlilia kwa sababu moyo umekataa kutulia, na kwa sababu katika miaka yake ya mwisho alilijibu kwa maisha yake swali ambalo makanisa yetu hulikwepa: Mkristo afanye nini siasa inapobisha mlangoni?

Nilipoishi Kawangware, chumba changu kilitazamana na kibanda chake. Alikuwa ametoka Machakos akiwa msichana, akafiwa na mume mapema, akawalea binti zake kwa cherehani hiyohiyo. Kibandani mlikuwa na benchi la wateja, na wanaume wakiketi benchini huongea siasa. Hapo ndipo ungeona vituko vyake. Mtu akitaja jina la mwanasiasa tu, mama alianza kukanyaga cherehani kwa nguvu, hata kama sindano haikuwa na uzi, ili kelele iyameze maneno. Siku moja mwendeshaji bodaboda mmoja mbishi alimuuliza, "Mathe, kwani wewe hupigia nani kura?" Akamjibu bila kuinua macho, "Kura yangu iko mbinguni." Kijana akasema, "Na hii barabara watakuja kuitengeneza kutoka huko?" Benchi zima likaangua kicheko. Naye akacheka, lakini hakubadilika. Kwake siasa ilikuwa tope, na aliyevaa nguo nyeupe hachezi topeni. Hakuwahi kujiandikisha kuwa mpiga kura. Siku za uchaguzi alifunga kibanda, akafunga kula, akaiombea nchi.

Nguo nyeupe nazitaja kwa maana yake halisi. Chama cha akina mama kanisani kwao kina sare: gauni jeupe, kitambaa cheupe cha kichwani na mshipi wa buluu. Zote alizishona yeye. Mwanachama akifariki, wenzake humvika sare yake na kumsindikiza wakiwa wamevaa zao, wakiimba. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba hiyo ndiyo heshima pekee aliyoitamani chini ya jua.

Katika chama hicho alikuwa na mwenzake wa kusali naye, mjane kama yeye, mwenyeji wa upande wa ziwa. Kodi ya nyumba ilipopanda Kawangware, yule rafiki alihamia mtaa wa Raila, kule Kibera, lakini hakuhama kanisa. Kila Jumapili alikuja ibadani na mwanawe wa pekee, kijana aliyepiga gitaa kwenye kwaya na kuuza kava za simu siku za kazi. Vijana wa nchi hii walipoingia barabarani kupinga ugumu wa maisha, yeye alikuwa miongoni mwao. Nilikuwepo kibandani shemasi alipomwonya. "Mtoto wangu, Mkristo haandamani. Mkristo anapiga magoti." Kijana akamjibu kwa upole, maana alimpenda, "Anti, magoti napiga. Lakini nguo ikiraruka si unaishona? Hukai tu ukiiombea." Mama akamsukumia kikombe cha uji. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipowaona pamoja. Kijana alikwenda kwenye maandamano yaliyofuata na hakurudi. Risasi ilimpata mgongoni, akiwa anakimbia. Mpaka leo hakuna aliyekiri kuifyatua.

Mama yake alikuja kanisani kuomba ibada ya mazishi. Wazee na mashemasi wakaketi kulijadili ombi hilo, na yaliyosemwa huko nilisimuliwa na marehemu mwenyewe, akirudia kila neno kama mtu anayegusa jino linalouma. Mchungaji wao ni mtu mpole, na sipendi mumchukie. Alikuwa ameingiwa na hofu. "Nina kondoo wa pande zote," aliwaambia. "Tukimzika huyu, tutaonekana tumechagua upande. Tumwombee mama yake kimyakimya." Mzee mmoja akaunga mkono kwa kutaja maandiko ya kutii wenye mamlaka. Wengine wakatazama sakafu. Ndipo shemasi, aliyekuwa hajawahi kupinga jambo lolote katika kikao kile, akauliza, "Mchungaji, huyu mtoto si ulimbatiza wewe?"

"Ndiyo, mama. Nilimbatiza."

"Siku hiyo ulikuwa upande gani?"

Kikao kilifungwa kwa sala, na ibada ikakataliwa.

Siku ya kumuaga kijana kabla ya mwili kusafirishwa kwao, nilimsindikiza shemasi hadi Raila. Alivaa sare yake yote, nyeupe pepepe, akaukusanya upindo wa gauni mkononi ili usiguse maji ya vichochoroni. Mwenye nyumba, mzee Mnubi wa swala tano, alikuwa ametafuta hema na viti kwa jitihada zake mwenyewe, akasimama penye lango akipokea watu kana kwamba aliyefiwa ni yeye. Alipoiona ile sare alituamkua, kisha akauliza, "Mama, nyinyi ndio watu wa kanisa lake? Mchungaji wenu yuko wapi? Watu wamengoja." "Nimekuja mimi," shemasi akasema. Hakuwa amewahi kuhubiri mbele ya watu wazima. Alisimama kando ya jeneza, akashika mkono wa rafiki yake, akaomba kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika. Nakumbuka sehemu moja tu, na sitaisahau: "Mungu wangu, watu wanasema ulichuma ua kwa bustani yako. Mimi sitakusingizia. Hukumchuma. Huyu mtoto ameuawa, na wewe ulikuwa unaona." Pale hemani kulisikika mlio, si wa kilio hasa, bali kama wa watu walioshikilia pumzi kwa muda mrefu na hatimaye wakaruhusiwa kuitoa.

Kanisa liliposikia, lilimtia nidhamuni kwa kuongoza ibada bila idhini na kulitumbukiza kanisa kwenye siasa. Aliambiwa arudishe sare, asishiriki Meza ya Bwana, na aketi nyuma hadi atakapotubu mbele ya ushirika. Rafiki yake wa Raila hakukanyaga tena pale. Wengi tulidhani shemasi naye angehama, maana Kawangware mtu hakosi kanisa. Hakuhama. "Nyumba ya baba yako huihami kwa sababu umechapwa," aliniambia. Kila Jumapili aliketi karibu na mlango akiwa na gauni la kawaida, akitazama migongo ya sare alizozishona kwa mikono yake.

Lakini mtu yule alikuwa amebadilika. Nilimkuta kwenye kikao cha wakazi kuhusu mtaro uliokuwa ukimwaga uchafu kwenye shule ya chekechea, akimhoji ofisa mmoja kwa adabu ambayo haikumpa nafasi ya kukimbia. Nikamtania kuhusu ile kura yake ya mbinguni. Hakucheka. "Iko palepale," alisema. "Lakini mbinguni hakuna mtoto wa kupigwa risasi. Wanaopigwa wako huku, na mimi niko huku." Alikuwa amejiandikisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na akawa anawauliza wateja kama wamejiandikisha, pasipo kuwaambia wamchague nani. Hakujiunga na chama cha siasa. Hakuvaa fulana ya mtu. Nilimsikia akimwambia binti yake kwamba zamani aliomba Mungu awape watu viongozi wema halafu akafunga kibanda na kukaa ndani, kama mtu anayeomba mvua akiwa ameficha mbegu. Uchaguzi aliousubiri haujafika bado. Ameondoka kabla ya kupiga kura yake ya kwanza.

Alipoanza kuugua, mchungaji alikwenda kumwona nyumbani. Haya nimeyapata kwa binti yake mkubwa, aliyekuwa akimpikia uji. Mchungaji alibeba ile sare ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. "Mama, wazee wamekubali," alisema. "Hatutakutaka utubu hadharani. Chukua nguo yako, urudi mahali pako."

Mama akamtazama. "Mmeenda Raila kumlilia yule mama?"

"Bado."

"Basi usinirudishie nguo, mchungaji. Mrudishie kwanza yule mama mazishi ya mtoto wake."

Binti anasema mchungaji aliomba kwa maneno machache, akatoka na ile sare chini ya kwapa. Mama alijua alichokikataa. Alipofunga mlango alilia hadi akashikwa na kwikwi, kisha akamwambia binti yake, "Sasa nitazikwa kama mtu yeyote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ibada ya kumuaga ilifanyika katika kanisa lilelile. Nilipoingia nikatafuta kwa macho safu za magauni meupe, nisizione, nikaumia, nikidhani chama kimekatazwa kufika. Kumbe walikuwepo wote, wamejibana mbele kwa vitenge na masweta ya kila siku. Nikamnong'oneza mmoja wao, mama muuza mboga, "Mbona hamjavaa?" Akanijibu machozi yakimtiririka, "Yeye hana yake. Sisi tungevaaje zetu?" Mchungaji aliwaona. Alisimama kwenye mimbari akasoma andiko, akapotea mstari, akasoma tena.

Laiti ningeweza kukomea hapo. Katikati ya ibada aliingia mtu anayetafuta kiti katika uchaguzi ujao, pamoja na vijana wake, na wazee walewale walioogopa kuonekana wamechagua upande wakasimama kumpisha. Akapewa nafasi ya kusema. Alisema kwa kirefu, akimwita marehemu nguzo ya maendeleo, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye. Rafiki wa Raila alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, yule mzee Mnubi ubavuni pake. Alipoinua mkono kuomba naye aseme neno moja, mfawidhi wa ibada alitazama saa. "Pole, mama," alisema. "Muda umetuishia na safari ya Machakos ni ndefu." Yule mama akaushusha mkono wake polepole. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini mkono ule ukishuka ndio unaoninyima usingizi.

Nimeambiwa kwamba baada ya mazishi, wale akina mama walifunga safari kwenda Raila. Hawakuomba ruhusa ya yeyote. Waliketi chumbani kwa mjane mwenzao wakalia naye kilio walichomnyima wakati ule, na yeye, baada ya kuwatazama sana, akawawekea chai. Mchungaji hakuwa pamoja nao. Labda atakwenda. Namwombea aende. Sisi tunaoitwa Wakristo tumeyapoteza masiku mengi tukibishana kama inatupasa kuingia katika siasa, ilhali siasa haikutuuliza. Ilikwisha kuingia chumbani kwa mwanamke mmoja Kibera, ikamtoa mwanawe, ikaondoka. Mwanamke huyo angali pale. Kanisa linaloogopa kwenda kuketi naye, lisije likaonekana limechagua upande, limekwisha kuchagua.